Mtoto wa Chekechea Asivutwe Pande Mbili

Muhula wa tatu unapokaribia kwisha, walimu wa chekechea huulizwa swali lilelile na wazazi wengi: "Mwalimu, mtoto wangu ameshajua kusoma?" Mwalimu naye huwa na swali lake, ingawa si kila mara hulitoa: "Nyumbani, huyu mtoto huzungumza na nani?"

Maswali yote mawili yanatoka katika nia njema, lakini hayaelekei upande mmoja. Mzazi anatazama daftari. Mwalimu anamtazama mtoto. Mzazi akifungua mkoba na kukuta ukurasa mtupu, huona ada au muda umepotea. Mwalimu huona mtoto ambaye siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliweza kusimulia tukio kuanzia mwanzo hadi mwisho mbele ya wenzake. Wasipokutana wakaelezana, kila mmoja humvuta mtoto upande wake, na mtoto wa miaka minne hana nguvu ya kuvutwa pande mbili.

Makala haya yanaeleza kazi ya chekechea ni ipi, sehemu ya mwalimu ni ipi, sehemu ya nyumbani ni ipi, na kwa nini maelewano kati ya pande hizo mbili yana uzito kuliko vitabu na sare.

Frere Town na elimu ya watoto

Wadi ya Frere Town, iliyo katika eneo bunge la Nyali, ina historia ndefu ya elimu. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1875 na Church Missionary Society, shirika la wamishonari kutoka Uingereza, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Yalipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuja Zanzibar mwaka 1873 kushughulikia mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Shule ilikuwapo tangu siku za mwanzo. Kanisa la Emmanuel lilijengwa mwaka 1889, na kengele ya zamani ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake.

Watoto wengi waliofika hapo wakati ule walikuwa wametenganishwa na wazazi wao, kwa hiyo mwalimu alilazimika kuwa mlezi pia. Leo hali ni tofauti. Mtoto wa Frere Town ana mama au baba, ana bibi, ana shangazi, ana kaka na dada, ana majirani wa ploti. Kazi inaweza kugawanywa. Shida ni kwamba wengi huona mgawanyo wenyewe ni rahisi mno: mzazi alipe, mwalimu afundishe.

Chekechea ni jukumu la nani?

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Ndiyo sababu walimu wa chekechea za umma huajiriwa na kaunti, wala si Tume ya Huduma ya Walimu, TSC. Kifungu cha 53 cha Katiba hiyo kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaihesabu chekechea kuwa sehemu ya elimu hiyo.

Katika mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutumika kote nchini Januari 2019 na unaojulikana na wengi kama CBC, chekechea ni miaka miwili: PP1 kwa watoto wa miaka 4 na PP2 kwa watoto wa miaka 5. Mtaala huo unautaja ushiriki wa wazazi kuwa mojawapo ya misingi yake. Wazazi wengi wamelichukua neno hilo kwa maana ya kununua manila, gundi na rangi. Maana yake ni pana kuliko hiyo.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Wiki moja ina saa 168. Mtoto akikaa chekechea kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, siku tano, hiyo ni saa 20. Akilala saa 11 kila usiku, hizo ni saa 77. Zinabaki saa 71 ambazo mtoto yuko macho na hayuko shuleni. Mwalimu, hata awe hodari namna gani, ana saa 20. Nyumbani kuna zaidi ya mara tatu ya hizo.

Mtoto anapocheza anajifunza nini?

Malalamiko yanayosikika sana kuhusu chekechea za umma ni kwamba "huko wanacheza tu." Inafaa kueleza kinachoendelea ndani ya mchezo huo.

Mtoto anapofinyanga udongo au kutunga shanga kwenye uzi, anaimarisha misuli ya vidole. Mkono ambao haujapata nguvu hiyo hushika penseli kwa shida, huchoka upesi, na mtoto huanza kuichukia kazi ya kuandika kabla hajaijua. Kumlazimisha kujaza kurasa mbili za herufi akiwa na miaka minne hakuharakishi kuandika, kunaweza kukuchelewesha.

Anapotenga vifuniko vya chupa kwa rangi, kisha kwa ukubwa, anaanza hesabu. Mtoto anaweza kukariri moja hadi 50 kwa wimbo na bado asijue kwamba vitu vitano ni vingi kuliko vitatu. Kuhesabu kwa kweli huanza pale anapogusa kitu kimoja, akataja nambari moja, bila kuruka na bila kurudia.

Anapotega na kutegua vitendawili, au kupiga makofi kwa kila silabi ya jina lake, anajifunza kwamba neno limeundwa kwa sauti ndogondogo. Hilo ndilo jiwe la kwanza la kusoma. Mtoto ambaye sikio lake limezoea kutenga "ka" na "ka" katika neno "kaka" hatapata taabu mwalimu atakapomwandikia ubaoni.

Na anaposubiri zamu yake katika mchezo wa mdako, anajizoeza kujizuia. Darasa la kwanza litamtaka aketi, asikilize, angoje, amalize alichoanza. Uwezo huo haufundishwi kwa kufokewa. Hupatikana kwa kucheza na wenzake mara nyingi.

Mwalimu aliyesoma kazi yake hupanga michezo hiyo kwa makusudi. Kwa jicho la mpita njia ni watoto wanaochezea mchanga. Kwa mwalimu, mtoto mmoja anajifunza "jaa" na "pungua," na mwingine anajifunza kuomba kopo badala ya kunyakua.

Hofu ya mzazi ina sababu

Haitoshi kumwambia mzazi aache wasiwasi. Wasiwasi wake una chimbuko. Kwanza, anaogopa mtihani wa kujiunga na gredi ya kwanza. Amesikia kwamba shule fulani humpa mtoto kitabu asome, na akishindwa hurudishwa. Pili, anataka mtoto wake ajue Kiingereza mapema, kwa sababu ameona kazi zinavyotolewa katika hoteli na ofisi za Mombasa. Tatu, jirani yake amempeleka mtoto chekechea ya binafsi inayotoa homuweki kila siku, na mtoto huyo tayari anakariri herufi zote.

Kuhusu mtihani, sheria iko wazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani ili kuamua kama atapokelewa. Mtihani unaoruhusiwa ni ule wa kumweka katika darasa linalomfaa. Mzazi ambaye mtoto wake amekataliwa katika shule ya umma kwa sababu ya mtihani ana haki ya kulifikisha jambo hilo kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Kuhusu lugha, sera ya Kenya tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 imekuwa kwamba mtoto afundishwe madarasa ya mwanzo kwa lugha ya eneo lake. Mijini, ambako familia zinatoka sehemu mbalimbali, lugha hiyo huwa Kiswahili. Katika Frere Town, nyumba moja husikika Kigiriama, ya pili Kikamba, ya tatu Kijaluo au Kitaita, na watoto wote wakikutana uani huzungumza Kiswahili. Mtoto aliye na maneno mengi na mawazo yaliyonyooka katika lugha anayoielewa hujifunza Kiingereza kwa wepesi, kwa kuwa ana mahali pa kukishikiza. Mtoto aliyekaririshwa majina ya matunda ambayo hajawahi kuyaona ana sauti bila maana.

Kuhusu jirani, linalofaa kuulizwa ni moja: yule mtoto anayekariri herufi zote, je, anaweza kueleza kilichotokea jana? Anaweza kuuliza swali? Herufi zinaweza kufundishwa kwa wiki chache mtoto akiwa tayari. Lugha na udadisi hujengwa kwa miaka.

Mkutano pekee hautoshi: funzo kutoka Ghana

Shule nyingi hudhani kwamba ushirikiano na wazazi ni kuitisha mkutano, kuwahutubia na kuwaaga. Utafiti mmoja uliofanywa nchini Ghana, katika eneo la Accra na vitongoji vyake, unaonya dhidi ya dhana hiyo.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Watafiti walichukua shule 240 na kuzigawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Katika kundi la kwanza, walimu wa chekechea walipewa mafunzo ya kufundisha kwa michezo na kwa upole. Katika kundi la pili, walimu walipewa mafunzo hayohayo, na juu yake wazazi wakaitwa mikutano mitatu ya kuelezwa umuhimu wa michezo na wajibu wao. Kundi la tatu liliendelea kama kawaida.

Watoto wa kundi la kwanza walipiga hatua. Wengi wangetarajia kundi la pili lifanye vizuri zaidi, kwa kuwa lilipata vyote viwili. Ilitokea kinyume: katika shule ambako mikutano ya wazazi iliongezwa, faida ile kwa watoto ilififia.

Mojawapo ya maelezo ni kwamba wazazi na walimu hawakuwa na fikra moja kuhusu jinsi mtoto mdogo anavyojifunza. Wazazi walielezwa jambo lisilolingana na walivyolelewa wao wenyewe, wakapewa muda mfupi wa kulijadili, na huenda wengine walirudi kwa mwalimu wakidai masomo ya ubaoni. Mwalimu akajikuta katikati.

Mwalimu wa Mombasa anaweza kuitambua hali hiyo. Mkutano ambao mwalimu anazungumza kwa saa mbili na wazazi wananyamaza haujengi maelewano. Unamwacha kila mmoja na imani aliyokuja nayo, na mtoto huendelea kuvutwa.

Mombasa ina mfano wake

Upo mfano wa karibu uliokwenda njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa jamii ya Waislamu wa Pwani walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma shuleni. Wazazi wengi hawakutaka kuchagua kati ya elimu ya dini na elimu ya shule. Waliomba msaada kwa Aga Khan, na kutokana na ombi hilo ukaanza mpango wa chekechea za madrasa chini ya Wakfu wa Aga Khan. Chekechea ya kwanza ilianza Mombasa mwaka 1986. Mwalimu Bi Swafiya Said ndiye aliyeongoza kazi hiyo tangu mwanzo, akiwafundisha akina mama wa mitaani kuwa walimu.

Mpango huo haukuanza kwa kuwajengea watu shule na kuwakabidhi ufunguo. Jamii yenyewe ilitoa chumba, ikachagua kamati, ikateua wanawake wa kwenda kufundishwa, na ikashiriki kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vitu vya kawaida kama vifuu, makuti, mbegu, chupa na vitambaa. Dini na utamaduni wa nyumbani viliingia darasani, na michezo ya darasani ikaingia nyumbani. Mzazi hakuwa mgeni, kwa hiyo hakuhitaji kushawishiwa kwa hotuba. Alipomwona mtoto akipanga vifuu kwa ukubwa, alijua sababu yake, maana pengine ndiye aliyevisugua.

Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda uligundua kwamba waliopitia chekechea walikuwa mbele ya waliobaki nyumbani, na waliopitia chekechea za madrasa walipiga hatua kubwa kuliko wenzao wa chekechea nyingine.

Funzo lake linafaa chekechea yoyote, ya umma, ya kanisa, ya msikiti au ya binafsi: mzazi apewe nafasi ya kufanya jambo, pamoja na nafasi ya kusikiliza.

Saa za nyumbani zitumike vipi?

Wazazi wengi wa Frere Town hutoka alfajiri. Kuna wanaowahi soko la Kongowea kabla jua halijachomoza, kuna wanaofanya kazi za nyumba na ulinzi Nyali, kuna waendeshaji tuktuk na bodaboda wanaorudi usiku. Kumwambia mzazi huyo aketi na mtoto saa mbili kila jioni ni kumpa mzigo asioweza kuubeba. Yafuatayo hayahitaji muda mpya. Yanaingia ndani ya kazi ambazo tayari zinafanywa.

Kuzungumza. Hili ndilo la kwanza, na halina gharama. Mama anayepanga nyanya mafungu anaweza kumuuliza mtoto: fungu hili lina ngapi? Lipi ni kubwa? Nikiuza moja, yatabaki mafungu mangapi? Anayepima mchele anaweza kumwonyesha kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Baba akimwogesha mtoto anaweza kutaja viungo vya mwili, kisha wakabadilishana: mtoto ataje, baba aguse. La msingi ni mtoto apewe nafasi ya kujibu, tena asikatizwe.

Kusimulia. Mzazi asiyejua kusoma asijione amefungiwa mlango. Katika utafiti uliofanywa vijijini magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2020, familia zilipewa vitabu vya hadithi vyenye picha, na baadhi ya walezi wakafundishwa namna ya kumshirikisha mtoto kwa kumuuliza kuhusu anachokiona: huyu anafanya nini, kwa nini analia, unadhani kitafuata nini? Watoto wao walipata maneno mapya, na walezi wasiojua kusoma walifaidika sawa na wanaojua. Hata pasipo kitabu, bibi anayesema "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!" anafundisha kusikiliza, kukumbuka na kutabiri.

Kulala. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale kati ya saa 10 na 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa, na asikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa moja. Mtoto anayekesha na simu au televisheni ya sebuleni hufika darasani akiwa amechoka, na mwalimu anaweza kudhani ni mzito wa kuelewa.

Kula. Uji, viazi vitamu, au mahamri kwa mbaazi kabla ya kutoka nyumbani huamua mtoto atasikiliza kwa muda gani. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita hadi mtoto afikishe miaka mitano, na kampeni ya Malezi Bora ya mwezi Mei na Novemba ni wakati mzuri wa kuhakikisha ameyapata pamoja na dawa ya minyoo.

Kufika kwa wakati. Mtoto anayechelewa kila siku hukosa mazungumzo ya asubuhi, ambayo ndiyo kipindi watoto husimulia habari zao. Kama anayempeleka ni dada yake mwenye shule yake pia, mzazi amweleze mwalimu ili watafute njia.

Homuweki nayo ina mahali pake. Kwa mtoto wa PP1, dakika chache zinatosha. Ikiwa kila jioni inaishia kwa kelele na machozi, mzazi asimfanyie mtoto kazi hiyo wala asimchape. Amwambie mwalimu ukweli: "Hii imemshinda." Ukweli huo humsaidia mwalimu kuliko ukurasa uliojazwa na mkono wa mtu mzima.

Sehemu ya mwalimu

Mwalimu ndiye mwenye ujuzi, kwa hiyo hatua ya kwanza ni yake. Anaweza kuwaalika wazazi waje darasani kwa nusu saa, waketi kwenye mkeka na kucheza mchezo wenyewe, kisha awaulize wameona nini. Nusu saa hiyo hueleza zaidi ya hotuba ya saa mbili. Anaweza kumwomba fundi, mvuvi, mshonaji au muuza vitafunio aje aonyeshe kazi yake. Watoto hupata maneno mapya, na mzazi huondoka akijua kwamba anachokijua kina thamani shuleni.

Kundi la WhatsApp la darasa ni zuri kwa matangazo, lakini lina mipaka. Wapo wasio na simu ya aina hiyo, na habari za mtoto mmoja hazifai kuwekwa mbele ya wazazi 40. Jambo la mtoto lizungumzwe ana kwa ana au kwa simu. Na mwalimu asingoje baya litokee ndipo apige. Mzazi aliyezoea kusikia, "Leo amemsaidia mwenzake kufunga kamba za viatu," hatashtuka siku atakapoitwa kwa jambo zito.

Anayempeleka na kumchukua mtoto mara nyingi ni bibi, dada au yaya. Mwalimu amheshimu huyo kama mshirika na amweleze yeye pia, maana ndiye atakayekuwa na mtoto jioni.

Mtoto akionekana ana tatizo

Hapa maelewano huokoa miaka. Mwalimu huona watoto wengi wa umri mmoja, hivyo hugundua haraka mtoto asiyegeuka anapoitwa, anayekaribia sana ubao, asiyeunganisha maneno, au anayekaa peke yake kila siku. Mzazi naye anajua alizaliwa vipi, alianza kutembea lini, na kama aliugua sikio. Mmoja peke yake ana nusu ya habari.

Mwalimu aseme alichokiona bila kumbandika mtoto jina. Mzazi naye asikasirike wala asifiche. Hatua inayofuata ni kituo cha afya, na ikibidi, kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalum, kinachojulikana kwa kifupi kama EARC, ambacho hupima na kushauri kuhusu shule inayomfaa mtoto. Tatizo la kusikia linalogunduliwa mtoto akiwa PP1 hupata nafasi ya kushughulikiwa kabla lugha haijachelewa sana. Likigunduliwa gredi ya nne, mtoto amekwisha itwa mjinga kwa miaka mitano.

Ada, adhabu na haki

Mahali pengine ushirikiano huvunjika kwa sababu ya pesa. Sheria ya Elimu ya Msingi inasema shule ya umma haitozi karo ya masomo. Michango mingine inahitaji idhini, lazima itolewe risiti rasmi, na hakuna mtoto anayefukuzwa kwa kukosa kuilipa. Mzazi ambaye hana cha kutoa mwezi huu asijifiche akakosa mkutano. Anaweza kuchangia kwa mikono: kurekebisha bembea, kushona mkeka, kukusanya vifuniko.

Sheria hiyo pia inakataza kumtesa mwanafunzi, kwa mwili au kwa maneno. Mzazi anayemwambia mwalimu "mchape tu, nimekuruhusu" anatoa ruhusa asiyokuwa nayo. Anayeshuku kwamba mtoto anadhulumiwa, shuleni au nyumbani, anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto kote nchini.

Maswali ya kumuuliza mwalimu

Mzazi anayejiandaa kwa mkutano wa muhula anaweza kwenda na maswali haya matano badala ya lile moja la kusoma:

1. Mtoto wangu anapenda kufanya nini akiwa darasani, na anakwepa nini?
2. Anacheza na nani? Akigombana, hufanya nini?
3. Muhula huu mnafanya michezo ipi, na kila mmoja unafundisha nini?
4. Ni jambo gani moja ninaloweza kulifanya nyumbani kwa muda nilio nao?
5. Kuna jambo lolote kuhusu masikio, macho au maneno yake linalokutia wasiwasi?

Mwalimu naye ana moja la kumuuliza mzazi, na alisikilize jibu lake hadi mwisho: "Wewe, kwako, ungependa mtoto huyu awe anaweza nini mwisho wa mwaka?" Jibu likiwa ni kusoma, waanzie hapo hapo. Mwalimu aeleze hatua zinazofika huko, waafikiane ipi ni ya shule na ipi ni ya nyumbani, na wakutane tena katikati ya muhula kuona mtoto amefika wapi.